Kasha la Wanyama Wanane

Sisi watu wa Singida tunanunua vitu vinavyoeleweka. Tunanunua kuku, tunanunua vitunguu, alizeti msimu ukifika, na aliyejaliwa ananunua bati. Mzee Anuari wa Mandewa alinunua hela. Sisemi alibadilisha hela, kama wanavyofanya wenye safari za nje. Nasema alitoa hela inayoweza kununua unga, akapewa hela isiyoweza kununua hata kiberiti, akaipeleka nyumbani akitabasamu njia nzima.

Nilikaa na cherehani yangu kwenye baraza la duka lake kwa miaka mingi. Mimi upande wa kushoto wa mlango, madebe yake ya mafuta ya alizeti upande wa kulia. Mimi ni Mnyiramba, Mkristo, mjane, na watu wanasema nina mdomo. Yeye alikuwa Mwislamu wa mjini, baba yake alitokea Tabora, mama yake Mnyaturu wa Ilongero, mtu mpole mpaka anakera. Tulibishana kila siku iendayo kwa Mungu na hatukuwahi kununiana. Kwa hiyo nikimsema hapa, namsema kama mtu wangu. Ambaye hakumpenda, huyo anyamaze.

Ugonjwa wenyewe aliupata benki. Kabla ya duka alikuwa tarishi katika benki moja hapa mjini. Siku moja zikaletwa sarafu za kumbukumbu, zile zinazotolewa kwa ajili ya sherehe kubwa, za madini ya fedha, kila moja imefungwa ndani ya plastiki ngumu inayoonyesha, plastiki ndani ya kiboksi chenye kitambaa laini, na cheti juu yake. Meneja akaiweka moja kwenye kabati la kioo ili wateja waione. Wateja wakaiona. Wakauliza bei, wakaambiwa, wakauliza kwa nini bei ni kubwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye sarafu yenyewe, wakacheka, wakaondoka. Anuari hakucheka. Aliomba akatwe mshahara kidogo kidogo mpaka ikawa yake.

Nilimuuliza mara nyingi anaona nini mle ndani. Alikuwa ananijibu kwa kucheka tu. Ila siku moja, hakuna mteja, upepo unapeperusha vumbi barabarani, akanijibu vizuri.

"Mama Paschal, noti uliyoifunga hapo kwenye pindo la kanga imepita kwa mchinja nyama, imepita kwa mlevi, imepita kwa mgonjwa, imepita kwa mwizi. Hii haijashikwa na mtu. Ilitoka kwenye mashine ikafungwa. Dunia bado haijaipata."

"Kitu kisichoshikwa na mtu hakina kazi," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema, kama vile nimemuunga mkono.

Sheria yake ilikuwa moja: plastiki haifunguliwi. Alinieleza kwamba sarafu ya namna hiyo ikishatolewa kwenye kasha lake ni kama kuku aliyenyonyolewa, huwezi kumrudishia manyoya. Wanaozikusanya, na wapo, Dar es Salaam, Nairobi, hata Ulaya, wanaangalia kwanza stika ya kiwanda kwenye kona ya kasha. Stika ikiwa haijabanduliwa, wanakuita ndugu. Ikiwa imebanduliwa, wanakuuliza bei ya madini kwa uzito. Alikuwa na kundi lao kwenye simu, wanatumiana picha, wanasifiana. Mke wake, Saada, alikuwa anaita kundi lile msiba usio na maiti.

Kuna wakati makasha yake yalijaza sanduku la bati. Alikuwa na ya miaka hamsini ya uhuru, alikuwa na za mbuga za wanyama, alikuwa na za nchi jirani ambazo alizipata kwa kubadilishana. Angekuwa mtu mwenye bahati, habari yangu ingeishia hapo, mzee na sanduku lake. Lakini maisha hayana adabu, na ya Singida hayana hata aibu. Ile ya uhuru iliondoka Saada alipofanyiwa upasuaji. Za mbuga ziliondoka na ada ya chuo cha udereva cha Ahmadi, mtoto wake wa kwanza. Nyingine ziliondoka mwaka ule mvua ilipogoma na vichwa vya alizeti vikabaki vidogo kama vifungo vya koti. Kila safari ilikuwa ile ile: anampigia Michael, mnunuzi wa Arusha anayewauzia watalii, Michael anapanda basi, anakuja, anawasha tochi ya simu, anakagua kona za kasha, anasifu, anaondoka nalo. Mzee anafunga duka mpaka kesho yake. Sikuwahi kumtania siku hizo. Hata mimi nina mpaka.

Mwisho likabaki kasha moja, na hilo aliapa haliuzwi. Lilikuwa na sarafu nane za wanyama, zimepangwa kwenye safu mbili chini ya plastiki moja: tembo, kifaru, simba, chui, nyati, kiboko, twiga na swala. Alilinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa kwenye kambi ya ujenzi wa barabara pale Mkiwa, ambako Mzee alikuwa anapeleka mafuta ya jikoni. Mhandisi alikuwa anarudi kwao, anagawa na kuuza vitu. Anuari akauza ng'ombe wake wawili, mmoja anakamuliwa, akarudi na kasha limefungwa kwenye taulo.

Saada akamwambia mbele ya watu wote barazani: "Umeuza ng'ombe anayetoa maziwa, umeniletea tembo asiyetoa hata mavi."

Tulicheka mpaka mteja mmoja akamwaga mafuta. Mzee naye alicheka. Lakini hakumpa mtu kasha lile alishike, hata siku hiyo.

Watoto wake walikuwa wanne. Wavulana watatu, Ahmadi na wadogo zake wawili, na binti wa mwisho, Rahma. Wavulana ni watu wazuri, niseme mapema, maana najua hadithi za mirathi zinavyopenda kuwa na shetani. Hapa hakuna shetani. Walikuwa watoto wa kiume wenye mikono ya kiume: walivunja vikombe, walikanyaga miwani, walipiga mpira ndani. Kwa hiyo baba yao aliwafukuza mbele ya sanduku tangu wadogo. "Msiguse! Tokeni!" Sauti hiyo niliisikia mpaka nikaizoea kama adhana. Rahma peke yake ndiye aliyekuwa anaingia. Alikuwa anakaa kwenye mkeka, anaweka mikono nyuma ya mgongo bila kuambiwa, anainama, anatazama. Baba anamweleza huyu kifaru kachorwa na pembe mbili kwa nini, huyu chui macho yake yameng'arishwa vipi. Wanaweza kukaa hivyo mpaka chai inapoa. Alipokua akaolewa Ilongero na mkulima, mtu mstaarabu, na kila alipokuja mjini kwa bodaboda alianza kwa kumwamkia mama yake, akaniamkia mimi, kisha akaingia ndani kwa baba, na mlango ukafungwa.

Mzee alipoanza kuvimba miguu na hospitali wakamwambia habari za figo na presha, jambo moja ndilo lililomkosesha usingizi. Hakuogopa kufa, au kama aliogopa hakuniambia. Aliogopa kasha kufunguliwa. Alijua kwamba akifa, mali yake itagawanywa kama dini yake inavyoagiza, mke fungu lake, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja, na hakuna anayeweza kugawa kasha lililofungwa bila kulifungua. Alitaka libaki zima, na alitaka libaki kwa Rahma.

Akamuuliza Shehe Abdulazizi wa msikiti wao. Nilikuwepo, nashona sare za shule, na masikio yangu hayajawahi kuwa na likizo. Shehe alimweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Wosia wa kumwongezea mrithi mmoja hauna nguvu mpaka wenzake waridhie. Lakini ukiwa hai, mali ni yako. Unaweza kumpa hiba. Ila hiba, Mzee Anuari, haikamiliki kwa mdomo. Mpe mkononi. Apokee, aondoke nalo, likalale kwake. Likiendelea kulala kwako, ni lako."

"Nitampa," akasema Mzee.

"Mapema basi."

"Nitampa, Shehe."

Mtu yeyote anayejua kuaga kitu anachokipenda ataelewa kilichofuata. Rahma alikuja, Mzee akasema vumbi la barabara ya Ilongero ni jingi, litaingia kwenye kona, tusubiri mvua. Mvua zikaja, akasema bodaboda zitateleza, tusubiri zikate. Zikakata, akasema nyumba ya Rahma ina panya. Rahma akaleta paka. Nilicheka hapo, na Saada alicheka, lakini Rahma hakucheka. Alikuwa anaona miguu ya baba yake inavyozidi kuvimba, na hakuweza kumwambia "harakisha" mtu anayeharakishwa na kifo. Binti gani atasema hivyo?

Hatimaye ikawa Ijumaa moja baada ya swala. Shehe alikuja mwenyewe. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha uzi hapo barazani, amevaa kanzu, kasha liko mapajani ndani ya taulo lile lile la Mkiwa. Rahma alipiga magoti.

"Rahma mwanangu," akasema, "nimekupa. Ni lako tangu leo. Shehe anasikia, na Mama Paschal anasikia."

Akalinyoosha. Rahma akalipokea kwa mikono miwili. Kwa muda walikuwa wamelishika wote wawili, na nikaona vidole vya Mzee vinaachia kimoja kimoja, kwa shida, kama vya mtu anayeshuka kwenye ngazi. Shehe akaomba dua. Rahma alilia. Mimi nikaacha cherehani nikapiga vigelegele, Mkristo mimi, mbele ya shehe, na hakuna aliyenikataza. Rahma akalifunga kasha kifuani kwa kanga, akapanda bodaboda, akaondoka kwenda Ilongero. Shehe naye akaenda zake.

Nilifikiri yamekwisha. Nikarudi kwenye sare zangu. Mzee akabaki kwenye kiti, mikono yake mapajani, viganja juu. Mteja akaja, akamwambia hakuna mafuta, na madebe yamejaa hapo hapo mbele yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa simu.

"Unampigia nani?" nikamuuliza.

"Rahma. Kuna kona sikuangalia vizuri."

"Kona gani? Mzee, mwache mtoto aende!"

"Ya stika. Niangalie tu. Kesho atalichukua."

"Baba Ahmadi, nakuomba. Kata simu hiyo."

Nilisimama kabisa, mkasi mkononi. Lakini mtu mzima akiwa anaongea na mtoto wake kwenye simu utamfanya nini, utamnyang'anya? Alikuwa ameshasema. "Rahma, hebu rudi mama, niangalie kitu." Nikaisikia sauti ya binti yake, ndogo, imechanganyika na upepo na kelele za pikipiki: "Haya, baba."

Akarudi. Alikuwa amepauka vumbi mpaka kope. Akapiga magoti palepale, akafungua kanga, akampa. Mzee akaangalia kona. Stika ilikuwa kama ilivyokuwa, nani angeibandua njiani? Akaangalia tena. Kisha akalifunika kwa taulo, akaliweka mapajani, na uso wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu swala.

"Nenda tu mama, jua linazama. Ijumaa ijayo utalichukua."

"Haya, baba," Rahma akasema.

Nilimsema Mzee siku ile mpaka Saada akatoka ndani kuniomba ninyamaze. Nilimwambia ni mchoyo. Nilimwambia anampenda tembo wa kiwandani kuliko mtoto aliyemzaa. Alikuwa anapangusa plastiki kwa pindo la kanzu.

Ijumaa ile haikumkuta mzima. Katikati ya wiki kiharusi kilimpiga upande mmoja, mdomo ukaenda pembeni, na ulimi ukakataa. Aliletwa nyumbani kutoka hospitali akiwa anatazama tu. Rahma alihamia pale, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza, akamfulia. Kasha lilikuwa kwenye meza kando ya kitanda. Kila nilipoingia kumwangalia niliona macho ya Mzee yakienda kwenye kasha, yakitoka kwenye kasha yakienda kwa Rahma, kisha yakirudi. Yalikuwa yanasema nini? Chukua? Niachie? Usiruhusu waguse? Mimi nilisoma chukua. Lakini mimi nasoma ninachotaka, kama watu wote.

"Lichukue," nilimwambia Rahma tulipokuwa jikoni. "Lipeleke Ilongero leo. Anakuonyesha kwa macho."

"Siwezi, Mama Paschal. Siwezi kuchukua kitu kwa mtu asiyeweza kusema hapana."

Alikufa asubuhi, Rahma akiwa amemshika mkono mzima. Wakamzika siku hiyo hiyo kama wafanyavyo wao, na mji wote wa wauza mafuta ulikuja.

Mirathi waliikalia baadaye, watu walipokwisha kutawanyika. Saada alikuwa ndani, kwenye eda, na mimi nilikaa naye nyuma ya pazia. Wanaume na Rahma walikuwa sebuleni na Shehe Abdulazizi. Nyumba haikuleta shida, mama atabaki humo. Duka halikuleta shida, litaendelea kwa faida ya wote. Nilianza kuamini kwamba familia hii Mungu ameibariki. Ndipo Ahmadi akaleta kasha, akaliweka mezani, nikausikia mlio wake mdogo juu ya mbao.

"Na hili?" akasema.

Shehe akasema: "Marehemu alisema ni la Rahma. Mimi ni shahidi kwamba alisema."

"Hakusema tu!" Nilijikuta nimeshika pazia, kichwa nje. "Alimpa! Mkononi! Mbele yako, Shehe!"

"Alimpa, mama. Ni kweli. Na akaondoka nalo." Hakunikasirikia. "Kisha ikawaje? Mimi nilikuwa nimeshaondoka."

Akamgeukia Rahma.

"Ikawaje, mwanangu?"

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema lilikuwa kwake, amelirudisha mwenyewe wakati wa kumuuguza. Nani angembishia? Mimi ningemtetea mpaka sauti ikauke, na Mungu wangu angenisamehe au angeacha.

"Baba alinipigia simu nilirudishe," akasema Rahma. "Nikalirudisha."

"Alisema lete nikutunzie, au alisema nirudishie?"

"Alisema rudi, niangalie kitu. Kisha akasema Ijumaa ijayo."

Shehe alikuwa mtu mwema, na niliona kwamba anatafuta mlango wa kumtoa. Hakuupata. Akaeleza kwamba mtu wa kawaida akishatoa hiba ikapokelewa hana ruhusa ya kuirudia, lakini mzazi anayo kwa mtoto wake. Marehemu alilichukua akakaa nalo mpaka mwisho. Alichokuwa nacho moyoni anakijua Mwenyezi Mungu. Kwa wanaobaki, kasha ni la warithi wote. "Ila ninyi wanaume," akasema, "mkipenda, kila mmoja anaweza kumwachia dada yenu fungu lake. Mna thawabu. Siwalazimishi."

Nilimtazama Ahmadi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ahmadi ni dereva wa malori, mkubwa wa mwili, na pale alikuwa anafuta machozi kwa kiganja kama mtoto.

"Shehe, mimi siuzi," akasema. "Wallahi siuzi. Lakini maisha yetu yote tulikuwa tunaambiwa tusiguse. Tulikuwa tunasimama mlangoni. Rahma alikuwa ndani. Kitu alichokipenda baba kuliko vyote, mimi sijawahi hata kukishika. Nataka nishike. Sasa nikishike lini, Shehe, na mimi nikifa?"

Wadogo zake walikuwa wameinamisha vichwa, na mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi." Nilirudisha pazia. Unambishia nini mtu kama huyo?

Wakahesabu. Sarafu ni nane. Fungu la mjane ni moja katika nane. Zinabaki saba: mbili, mbili, mbili, na moja ya binti. Ilitoka sawasawa, hakuna kilichobaki wala kilichopungua. Shehe akasema subhanallah, na wavulana wakatazamana kwa mshangao, wakaona ni ishara. Mimi niliona ni hesabu tu, lakini hesabu ikitoka sawa namna ile hakuna binadamu anayeweza kusimama mbele yake. Kama zingekuwa tisa, labda wangegombana, labda kasha lingerudi sandukuni likakaa hapo mpaka mtu apate akili.

Ahmadi akatoa kisu chake kidogo. Stika ilitoka kirahisi. Plastiki ndiyo iliyosumbua, ikabidi aitie ncha ya kisu na kuipiga kwa kiganja, na ilipovunjika ililia kwa nguvu mpaka Saada akashtuka kitandani akanishika mkono. Hakuniuliza ni nini.

Nilichungulia. Siwezi kusema walifanya vibaya. Walizishika kama watu wanaoshika uso wa mtu. Walizipima kwa mkono, walizigeuza, mmoja akainusa ya kwake, mwingine akaiweka shavuni. Walicheka huku wanalia. Wakakumbushana siku walipovunja taa ya chemni na kufukuzwa nje usiku kucha. Kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona wale vijana wamepata baba. Na juu ya meza plastiki ilikuwa vipande, kitambaa laini kina mashimo manane, na cheti kimeanguka chini ya kiti.

Wakamwambia Rahma achague kwanza. Walikuwa na adabu mpaka mwisho. Akasema wachague wao, na mama achaguliwe, yeye atachukua itakayobaki. Ikabaki swala.

Baada ya muda nilikuja kumwona mke wa Ahmadi sokoni amevaa simba shingoni. Wametoboa tundu juu ya kichwa cha simba, wakapitisha mkufu. Alinionyesha kwa fahari, akaniambia Ahmadi hamruhusu kuivua hata akilala. Sarafu ya kiboko imeshapotea, watoto walikuwa wanaichezea. Michael wa Arusha alinipigia simu kutoa pole, akauliza kwa upole habari za kasha, nikamweleza, akasema aah, akakata.

Lakini siku ile ya mirathi, Rahma alipotoka nje kusubiri bodaboda, nilimfuata barazani. Hasira ilikuwa imenijaa na sikuwa na mtu wa kumtupia. Kaka zake nisingeweza, Shehe nisingeweza, na Mzee alikuwa ameshafukiwa. Kwa hiyo nikamtupia yeye, ambaye hakustahili.

"Kwa nini ulirudi siku ile?" nikamwambia. "Ungesema simu imekata chaji. Ungesema umeshafika. Ungemdanganya mara moja tu, Rahma, mara moja!"

"Niliwaza hivyo," akasema. "Kijana wa bodaboda aliniuliza, tugeuze? Nikakaa kimya kidogo. Nilikuwa nimelishika hapa." Akagusa kifua. "Kisha nikamwambia geuza. Baba ameita."

"Na sasa?"

"Sarafu hazinisumbui, Mama Paschal. Waache wawe nazo, walikuwa na njaa nazo. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Siku ile alinipa kweli, au alikuwa anajaribu kama anaweza, akaona hawezi?"

Nilitaka kumwambia alikupa, nilikuwepo, niliona vidole. Lakini nilikuwepo pia alipotoa simu, na yeye alilijua hilo. Bodaboda ikafika, ikasimama, kijana hakuzima injini. Rahma alipanda, akajifunga kanga vizuri, akanigeukia.

"Ningekuwa mtoto mkaidi," akasema, "leo ningekuwa nalo nyumbani, na ningeamini kabisa kwamba baba alinipa."

Kijana akaondoa pikipiki. Nilibaki nimesimama pale barazani.